Bunduki Iliyovunjika Shingo

Mdogo wetu mmoja wa ukoo, aliyehamia Marekani pamoja na mkewe na watoto wake, alituandikia barua yenye swali. Tukamwomba ruhusa ya kulijibu hapa hadharani, kwa maana tuliona kwamba lawahusu watu wengi kuliko yeye peke yake, naye akakubali.

Habari yenyewe ni hii. Huko akaako, watu huwinda ayala msimu wa majani kupukutika, kila mtu na kibali chake. Naye ni mwana wa mwindaji. Akaweka akiba mwaka mzima, akapata mtu wa jimbo la mbali auzaye bunduki ya zamani ya namna ya Mauser, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN huko Herstal, karibu na mji wa Liège. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1889, kusudi kilitengenezee jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser, na wazee wetu walilijua jina lake vema. Yeye aliiona bunduki katika picha tu. Akalipa.

Msomaji asidhani kwamba bunduki huletwa mlangoni kama kitabu. Zamani iliwezekana. Bunduki ya Kiitalia iliyomwua Rais Kennedy mwaka 1963 iliagizwa kwa posta kutoka duka moja la Chicago, kwa jina la uongo, na bei yake pamoja na darubini na gharama ya kuituma ilikuwa dola 21 na senti 45. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1968. Tangu hapo, bunduki ya kawaida ivukayo mpaka wa jimbo haina budi kupelekwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni, na siku hizi mnunuzi huenda kwake, huandika hati ya serikali, hukaguliwa, kisha huipokea.

Basi mdogo wetu akaenda kwa mfanyabiashara huyo. Sanduku la karatasi ngumu lilikuwa limebonyea pembeni. Lakini yeye, kwa furaha, akatia sahihi kwanza, akalifungua baadaye nyumbani mbele ya watoto. Kumbe bunduki ilikuwa imepasuka shingoni! Ndani ya sanduku mlikuwa na magazeti makuukuu machache tu. Hapa twacheka kidogo kwa uchungu: mama zetu wanapopakia cherehani juu ya lori huifunga kwa godoro na kamba mara tatu, ingawa hawajasoma kitabu chochote cha usafirishaji.

Shingo tuitajayo ni pale mti wa bunduki unapokuwa mwembamba, nyuma ya kifyatulio, mahali mkono unaposhika. Mbele yake kuna chuma kizito cha mtutu na komeo. Nyuma yake kuna kitako kipana. Sanduku likianguka, uzito wa chuma huvuta upande mmoja na kitako huvuta upande mwingine, na pale kati mti haustahimili, hasa kama nyuzi zake zakatiza shingo badala ya kuifuata kwa urefu. Mti wa mjozi ni mgumu na mzuri, lakini nao una nyuzi. Afungaye kwa akili hutoa komeo na kulifunga mbali, huiegemeza shingo kwa kitu laini pande zote, na huutia mdomo wa mtutu kifuniko kigumu usije ukatoboa sanduku.

Mwuzaji alisema, «Ilitoka kwangu nzima.» Wachukuzi walisema, «Ilifungwa vibaya.» Na sahihi ya mdogo wetu ilikuwa imekwisha kukauka. Ndipo akatuuliza, «Yaya, fundi mmoja aweza kuitia gundi hata ufa usionekane. Nikiipaka mafuta na kuiuza kama nilivyouziwa, nitakuwa nimemwibia nani? Hata mimi niliibiwa.»

Swali hili halikutushangaza. Mara ngapi sisi wenyewe tumepewa noti iliyochanika, tukaikunja vizuri na kumpa mwenye duka jioni gizani?

Tulimjibu hivi. Ufa wa meza ni hasara ya mali. Ufa wa bunduki ni jambo jingine. Risasi itokapo, chuma chote hurudi nyuma kwa nguvu na kusukuma mti ule ule uliopasuka. Gundi iliyotiwa juu juu yaweza kuvumilia siku ya kwanza na ya pili, kisha ikaachia siku ya tatu, mkono wa mtu ukiwa pale pale na shavu lake juu ya kitako. Tena, pigo lililovunja mti laweza kuwa limehamisha darubini, na mwindaji atamjeruhi mnyama atakayekwenda kufia mbali porini. Na kipande cha karatasi au cha sponji kilichobaki ndani ya mtutu chaweza kuupasua. Huyo atakayeinunua hatajua lolote kati ya hayo. Wewe uliibiwa fedha. Yeye utamwibia habari ambayo kwayo angejilinda. Kumdai aliyekukosea ni haki yako, wala usiiache: piga picha za sanduku na za ufa, usitupe hata gazeti moja, andika leo na si juma lijalo. Lakini deni la mwuzaji hulipwa na mwuzaji.

Fundi wenyewe hatuwalaumu. Wako wanaoijua kazi hii, wapitishao kijiti au msumari wa shaba ndani ya shingo na kuijaza gundi ya epoksi mpaka ndani kabisa, na bunduki ikatumika tena miaka mingi. Kosa halimo katika gundi.

Barua yake ya pili imetufikia majuzi. Mwuzaji amemrudishia theluthi ya fedha baada ya kuona picha, wachukuzi hawakumpa kitu. Mzee mmoja wa mji ule ule, mpenda bunduki za Herstal, ameinunua kwa bei ndogo, ufa ukiwa wazi, akamwomba asiiguse kwa gundi yoyote, kwa kuwa kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Mdogo wetu ameanza tena kuweka akiba.