Nani Alituambia Jumba la Vioo Ndio Maendeleo?

Nitasema hii na wasee wa mijengo wakasirike: mnara wa vioo vitupu hapa Nairobi ni kazi mbaya. Sisemi sura yake. Nasema ni kazi mbaya vile paa linalovuja ni kazi mbaya.

Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Julai unalala na blanketi mbili. Hewa kama hii watu wa Dubai wanalipa stima kuitengeneza, sisi tunapewa bure. Halafu mtu anakuja Westlands, anafunga jengo vioo kuanzia chini hadi juu, anaelekeza upande mmoja kwa jua la saa kumi jioni, kisha anawasha AC mwaka mzima. Yaani amenunua joto, akanunua na mashine ya kulitoa. Bili? Mpangaji atajua.

Na hakuna uchawi hapa. Tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo mchana jua linapita karibu na utosi. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini unalikinga na kibaraza kifupi tu. Jua la kusumbua ni la asubuhi na la jioni, linaingia chini chini. Basi jengo lilaze urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, na zile kuta mbili za mwisho ziwe nene, madirisha machache. Shosho yangu hajawahi kusikia neno usanifu, lakini anajua veranda ni ya nini.

Waliojenga tao zamani walijua pia. Tazama KICC, ile kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyomalizika 1973. Orofa 28, na madirisha yamerudi ndani, yamekaa kivulini. Sai tunajenga kama tuko Toronto.

Usiniambie haiwezekani siku hizi. Pale Gigiri, ofisi za UNEP zilizofunguliwa 2011 zina sola juu ya paa na uwazi katikati ambapo hewa ya joto inapanda na kutoka. Kule Lang'ata, kituo cha maktaba cha CUEA kilichosanifiwa na Musau Kimeu kinapoza hewa kwa kuipitisha kwenye mawe. Mawe, manze! Na Kimeu ni mwalimu wa hapa hapa, amefundisha usanifu UoN.

Kwa hivyo ujuzi tunao. Vita yangu ni kuhusu nani anaupata.

Niliacha usanifu mwaka wa tatu, karo ilipokwama. Chuo sikitaji. Kufika mwisho ni miaka sita, kisha bado kuna mitihani ya bodi. Kwa ile miaka niliyokaa, mambo ya jua na upepo yalikuwa somo moja kando, la kupita mtihani. Alama kubwa zilienda kwa michoro ya minara inayong'aa. Halafu tunashangaa kijana akimaliza anachora nini?

Na hata angechora vizuri, Nairobi kubwa haijengwi naye. Tembea Kangemi ama Kawangware. Bedsita zimebanana ukuta kwa ukuta, saa sita mchana taa imewashwa ndani. Nyuma yake vyumba vya mabati, mtoto wa kunyonya analala humo kama mkate kwenye oveni. Hapo mara nyingi aliyeamua dirisha likae wapi ni landilodi na fundi wake. Huyo fundi ndiye mwanafunzi ninayemtaka. Mfundishe kwenye vyuo vya ufundi, kwa Kiswahili: tundu la hewa juu ya ukuta, silingi chini ya mabati, rangi nyeupe juu yake, nafasi kati ya jengo na jengo. Kugeuza ramani kabla ya kuchimba msingi ni bei ya karatasi.

Kuna wale watasema majengo ya kijani ni ya matajiri wa Karen wanaotaka cheti cha kuweka ukutani. Francis Kéré wa Burkina Faso alianza kama seremala. Shule ya kijiji chake, Gando, iliisha 2001 akiwa bado mwanafunzi Berlin: udongo wa pale pale, paa lililoinuliwa ili joto litoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda tuzo ya Pritzker. Kazi yake iko hata Turkana, kampasi yenye minara ya kutoa joto, mfano wa vichuguu vya mchwa. Turkana, na lile joto! Sisi wa Westlands, na hii baridi yetu, tunasema hatuwezi bila AC.

Najua komenti inayokuja: wewe dropauti utatufunza nini? Sawa, usiniamini. Simama nje saa kumi uangalie jua liko wapi. Na wikendi ukienda kutafuta keja, kabla ya kuuliza dipositi, muulize kareteka dirisha linatazama upande gani. Akicheka, uliza tena.