Waacheni Wanafunzi Waitazame Sarafina!

Kila Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika inapokaribia, jina la Sarafina!, filamu ya nyimbo kuhusu wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, hurudi midomoni mwa watu hapa Nchiru, Tigania, katika Meru. Vijana wa chuo kikuu huitafuta kwa wauzaji wa muvi wanaonakilia kwenye flashi, na walimu wa shule za jirani hubishana kama ionyeshwe au iachwe. Katika ubishi huo husemwa mambo ambayo yamepita bila kujibiwa kwa muda mrefu mno.

La kwanza ni kwamba hakuna mtu anayeanza kuimba katikati ya shughuli zake, kwa hiyo filamu ya nyimbo ni uongo, tena wa kizamani. Husemwa na watu ambao hawajawahi kuhudhuria mazishi, harusi wala mkutano wa siasa usio na wimbo. Asubuhi ya tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana wakiimba Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo ambao Watanzania walichukua lahani yake kwa wimbo wao wa taifa. Mbongeni Ngema alipopandisha Sarafina! jukwaani mjini Johannesburg mwaka 1987, hakuhitaji kubuni sababu ya vijana wale kuimba. Darrell Roodt aliyeiongoza filamu ya 1992 hakuhitaji pia.

Tena nyimbo hizo zina kazi ambayo mwenye kuziruka hawezi kuiona. Vijana wa Soweto waliingia barabarani kwa sababu ya lugha: amri ya mwaka 1974 ilitaka hesabu na masomo ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana. Filamu yenyewe, iliyotengenezwa ikilenga pia soko la Marekani, inazungumza Kiingereza karibu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni dosari kubwa, na sioni haja ya kuitetea. Lakini wahusika wakianza kuimba, Kizulu kinarudi, na miili yao inabadilika; mabega yanalegea, nyuso zinafunguka. Toa nyimbo, na utabaki na kisa cha lugha ya kulazimishwa kinachosimuliwa kwa lugha ya soko. Mtu aliyewahi kuvishwa monto, ile alama ya adhabu, shuleni kwa kosa la kusema Kimeru ataelewa haraka kwa nini sauti za watoto wale hubadilika hivyo.

Wapo pia wanaosema hii ni filamu ya Whoopi Goldberg, nyota wa Marekani. Whoopi yumo, kama mwalimu Mary Masombuka, na bila shaka jina lake liliuza tiketi. Lakini Leleti Khumalo alikuwa Sarafina, mhusika mkuu, tangu siku za jukwaani, na mwaka 1988 aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa nafasi hiyohiyo huko New York. Mama yake Sarafina ni Miriam Makeba, yuleyule tuliyemsikia akiimba Malaika, ambaye alikuwa amerudi nyumbani karibuni tu baada ya miaka 30 ya uhamisho. Anacheza mtumishi wa nyumbani katika familia ya Wazungu. Binti yake anamdharau kwa kazi hiyo, kisha anatoka gerezani akiwa amepigwa na kuteswa, anamfuata mama kazini kwake, na anaiona kwa mara ya kwanza nguvu iliyohitajika kuvumilia miaka yote ile ili watoto wapate chakula. Ukiniuliza filamu inasimama wapi leo, nitakuonyesha hapo kabla ya popote pengine.

Sasa dai zito, lile la walimu wakuu: kwamba Sarafina! huwafundisha wanafunzi kugoma na kuchoma shule. Katika Tigania hii hatuna ruhusa ya kusema hivyo bila kukumbuka. Usiku wa Julai 13, 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito walivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walikufa, na 71 walibakwa. Filamu ya Sarafina! ilitoka mwaka uliofuata. Wavulana wale hawakuhitaji sinema ya Afrika Kusini kuwafunza. Walikuwa wamefunzwa na mazingira yaliyowaona wasichana kama mali ya kuchukuliwa, na wapo watu wazima waliosema maneno ya kulihafifisha jambo lile hata baada ya mazishi. Anayetafuta mzizi wa ghasia za shule zetu autafute huko, na katika mabweni yaliyojaa kupita kiasi, na milango iliyofungwa kwa kufuli kama ilivyokuwa katika shule ya Kyanguli mwaka 2001, moto ulipoua wavulana 67.

Filamu yenyewe pia haishangilii moto. Kuna askari mweusi, Konstebo Sabela, ambaye wanafunzi wanamchoma akiwa hai. Aliyecheza Sabela ni Ngema mwenyewe. Aliandika kifo hicho, akakivaa kwa mwili wake, na hakukipa furaha yoyote. Kuanzia hapo Sarafina hana amani. Karibu na mwisho anachukua bunduki iliyokuwa imefichwa na kuitupa majini. Mwalimu anayeogopa filamu hii aionyeshe yote, kisha awashe taa na kuwauliza wanafunzi kuhusu Sabela. Atapata mjadala ambao hotuba zake za gwaride hazijawahi kumletea.

Eti imepitwa na wakati kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulikwisha? Juni 25, 2024 vijana wa Kenya waliandamana dhidi ya Mswada wa Fedha hadi wakaingia Bungeni, na wengine wakapigwa risasi wakafa. Kilichobadilika kweli ni sikio letu. Mwaka 1992 Mandela alikuwa huru lakini hajawa rais, na wimbo wa mwisho wa filamu ulikuwa ahadi. Leo tunausikia tukijua yaliyofuata, mazuri na machungu, na ndani yake imeingia huzuni ambayo watunzi hawakuiweka.

Wengine huitaja filamu nyingine ya nyimbo, The Sound of Music ya 1965, kama mfano wa hadithi safi na ya kweli. Naipenda sana filamu hiyo, na mwalimu yeyote wa kwaya aliyewafundisha watoto solfa kwa ajili ya tamasha la muziki anajua kwa nini wimbo wa Do-Re-Mi haujachakaa hapa kwetu. Ila ukweli wake ni wa kupunguzwa. Maria na Georg von Trapp, ambao kisa chao ndicho inachokisimulia, walioana mwaka 1927, miaka 11 kabla ya Wanazi kuichukua Austria, na familia iliondoka kwa treni kwenda Italia. Hakuna aliyevuka mlima kwa miguu kama filamu inavyoonyesha.

Limebaki dai la wanaosema kwamba kisa cha kuimbwa si chetu. Meru na Embu zilikuwa na kirarire, nyimbo za jandoni, kabla sinema haijafika. Na Kenya ilikuwa na mchezo wake wa nyimbo miaka 5 kabla ya Ngema: Maitũ Njugĩra wa Ngũgĩ wa Thiong'o, kuhusu wafanyakazi chini ya ukoloni, uliosheheni nyimbo za lugha nyingi. Februari 1982 serikali iliunyima nafasi katika Kenya National Theatre. Maelfu walijazana Chuo Kikuu cha Nairobi kutazama mazoezi tu, hadi hayo nayo yakazuiwa. Mwezi Machi ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ, uliojengwa na wakulima na wafanyakazi wa Limuru kwa mikono yao, ukabomolewa. Ndiyo maana mwanafunzi wa Nchiru anayetaka kuwaona vijana Waafrika wakiimba mbele ya bunduki za serikali hulazimika kwenda kuazima Soweto.