Bunia: Kwa nini vichekesho vya shule havichoshi

Katika mitaa ya Bunia, saa za jioni, ni kawaida kuona telefone moja imezungukwa na vichwa vitano au sita. Mwenye chaji ndiye mwenye sinema. Siku nyingine ni mpira, siku nyingine ni filamu ya mapigano, lakini mara nyingi ni kichekesho cha shule. Mwanafunzi aliyechelewa anaruka ukuta, kumbe prefe anamngojea upande wa pili. Mwingine amekopia majibu yote ya jirani yake, hata jina la jirani. Watoto wanacheka mpaka machozi. Filamu hiyo walishaiona mara tatu, wanajua kitakachofuata, na bado wanacheka.

Wazazi wengi wanaona huko ni kupoteza wakati. Wanasema mtoto afungue daftari badala ya kutazama upuuzi. Hofu yao inaeleweka, kwa sababu minervali ya sekondari inatoka katika jasho la mama anayeuza sombe sokoni. Hata hivyo, ni kosa kuvidharau vichekesho hivi. Vinapendwa duniani kote, na kwa mtoto wa Ituri vinabeba jambo zito kuliko vinavyoonekana.

Aina hii ya hadithi haizeeki. Mwaka 1980, Mfaransa Claude Zidi alitoa filamu Les Sous-doués, juu ya vijana wa shule moja ya binafsi ambako hakuna anayefaulu mtihani wa mwisho, nao wanatumia akili zao zote kutengeneza mitambo ya kukopia. Kule Ubelgiji, Zidrou na Godi walimbuni Ducobu mwaka 1992, mtoto mvivu ambaye kazi yake ni kuiba majibu ya Léonie, msichana mwenye akili anayekaa karibu naye. Mwaka 2011 Ducobu akaingia kwenye sinema. Nigeria ilitupa Aki na Ukwa mwaka 2002. Chinedu Ikedieze na Osita Iheme walikuwa watu wazima tayari, lakini waliigiza utundu wa watoto hadi Afrika nzima ikawajua. Na nchini Kenya, Citizen TV ilianza mwaka 2006 kuonyesha Tahidi High, hadithi za wanafunzi na walimu wa sekondari moja, na mchezo huo ukadumu miaka mingi.

Nchi ni tofauti, lakini watu ni wale wale: mvivu mwenye maneno mengi, mwanafunzi anayejua kila kitu, mwalimu mwenye macho hata kisogoni, barua ya mapenzi inayoangukia mikononi mwa mtu asiyetakiwa. Sababu ya kwanza ya mvuto huo ni kwamba karibu kila mtu aliyepita shuleni anajikuta humo. Aliyesoma kwa mapadri miaka ya 1970 na mtoto anayesoma leo Mudzi Pela wanajua wote jinsi mwili unavyoshtuka prefe anapotokea mlangoni. Ni hadithi chache ambazo babu na mjukuu wanaweza kuzicheka pamoja bila mmoja kumweleza mwenzake.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Katika hadithi hizi, kosa ni dogo na linatengenezeka. Adhabu inayoogopwa sana ni sifuri, au kufyeka majani ya uwanja, au mzazi kuitwa shuleni. Mvulana anaaibika mbele ya darasa zima, msichana anagombana na rafiki yake, na kesho yake kengele inalia, kila mtu anarudi kwenye benchi lake. Hakuna anayetamka jambo hilo katika filamu, kwa sababu huko linaonekana la kawaida: kesho shule itakuwepo.

Hapa Bunia, jambo hilo halikuwa la kawaida kwa kila kizazi. Mwezi wa Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, mji huu uligeuka uwanja wa vita. Makundi yenye silaha yaliyopigana Ituri miaka ile yalikuwa na watoto ndani yao, wale walioitwa kadogo. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, CPI, ilitoa hukumu yake ya kwanza tangu kuanzishwa kwake, na ilihusu watoto wa Ituri. Thomas Lubanga alikutwa na hatia ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani katika miaka ya 2002 na 2003. Miezi minne baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Miaka chini ya 15 ndiyo miaka ya Ducobu. Ni umri wa kuruka ukuta na kusingizia kwamba mbuzi amekula daftari. Kadogo hakupewa nafasi ya kukosea hivyo. Kosa lake lingeweza kumaliza uhai wake au uhai wa mtu mwingine. Waliokuwa na miaka 12 wakati ule leo ni wazazi, na baadhi yao wana watoto sekondari. Mzazi wa aina hiyo anapomkuta mwanawe anacheka juu ya mwanafunzi aliyeficha buletini chini ya godoro, asiharakishe kukasirika. Afadhali mtoto anayeficha buletini kuliko mtoto aliyefichwa porini.

Na mambo hayajaisha. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vita vilivyorudi Djugu vimefukuza familia nyingi kutoka vijiji vyao. Wengine wanaishi mpaka leo katika kambi, kama ile ya Kigonze hapa Bunia. Kuna shule zilizochomwa, na kuna nyingine zilizogeuka malazi ya waliokimbia. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Mwanafunzi wa Nairobi akitazama Tahidi High anaona siku yake ya jana. Mtoto aliyekimbia kutoka Djugu akitazama kichekesho hicho hicho anaona siku aliyonyimwa: siku ambayo tatizo kubwa kuliko yote ni mtihani wa hesabu.

Wapo watakaojibu kwamba filamu hizi zinafundisha kukopia na kuwadharau walimu. Hoja hiyo inastahili jibu. Kukopia kunachekesha tu mahali ambapo kukopia ni kosa. Mtazamaji anacheka kwa sababu anajua mwalimu yuko macho na mwizi wa majibu atakamatwa. Mahali ambapo pointi zinanunuliwa na mtoto wa mwenye pesa anapita bila kusoma, kichekesho kinakufa, kwa sababu hakuna tena anayeogopa. Kwa hiyo anayehangaikia heshima ya mtihani wa Serikali, ule wa EXETAT, asianze na telefone ya mtoto. Aanze na bahasha ya mtu mzima.

Kumcheka mwalimu pia si kumchukia. Wanafunzi humwigiza mwalimu wanayemjua vizuri, jinsi anavyotembea, anavyokohoa, anavyoshika chaki. Walimu wengi wenye hekima wanalijua hilo na wanajifanya hawaoni. Siku matokeo ya EXETAT yanapotoka na vijana wanamwagiana poda nyeupe kichwani, mwalimu aliyeigizwa mwaka mzima ndiye anayetafutwa ashukuriwe.

Ni kweli kwamba si kila kichekesho ni kizuri. Kuna vinavyomcheka kigugumizi, kuna vinavyomcheka maskini mwenye viatu vilivyotoboka. Hapa Ituri kuna hatari nyingine, nayo ni kucheka kabila. Mzaha juu ya lugha ya Mlendu, Mhema au Mualuri, katika mji uliozika watu kwa ajili ya majina hayo, si mzaha tena. Lakini kichekesho cha shule kilichotengenezwa vizuri hakihitaji kabila. Kinamcheka mvivu kwa uvivu wake, mwenye majivuno kwa majivuno yake, direkta wa nidhamu kwa fimbo yake inayotangulia mlangoni. Nguo ya bluu na nyeupe inawafanya wote wafanane kwa saa chache, na katika benchi moja Mbira anamkopia Mnande, Mlugbara anamsubiri Mhema amalize ili aazime biki. Masomo machache ya amani yanaingia moyoni kwa urahisi kama hilo.

Kinachokosekana ni vichekesho vyetu wenyewe. Mtoto wa Bunia anacheka shule ya Ufaransa yenye vyumba vya joto, anacheka bweni la Kenya, lakini hajaona kwenye sinema mwanafunzi aliyefukuzwa kwa ajili ya minervali akirudi darasani kupitia dirishani, wala mwalimu wa Kifaransa anayekasirika kwa Kiswahili. Vipaji havikosekani. Kwenye sikukuu za shule na siku za kutangaza pointi, wanafunzi huigiza michezo mifupi ambayo huwafanya wazazi washike mbavu. Siku inayofuata mchezo huo umesahauliwa, na waigizaji hawapati pa kuendelea.

Pa kuanzia papo. Filamu inataka kamera, umeme na pesa, lakini mchezo wa redio unataka sauti tano, kengele na mlango unaogongwa. Bunia ina Redio Candip, redio iliyozaliwa katika chuo cha ualimu, ISP, kwa ajili ya elimu. Haingekuwa jambo geni ikiwa yeye au redio nyingine ya mji itawapa wanafunzi nusu saa kila Jumamosi, shule moja baada ya nyingine, wacheze hadithi za darasa lao kwa Kiswahili cha hapa. Redio inafika hata kambini, hata kijijini ambako telefone imezima chaji. Maprefe watoe ruhusa, na wakubali kuigizwa kidogo. Wazazi waje kusikiliza kabla ya kuhukumu. Makanisa yenye kumbi yaruhusu mazoezi. Kazi hiyo haihitaji kungoja bajeti ya Kinshasa.

Tangu mwezi wa Septemba 2019 Serikali imetangaza elimu ya msingi bila malipo, na ni jambo la kusifu. Hata hivyo, mtoto havutwi shuleni na bei peke yake. Anavutwa na marafiki na vicheko vya njiani, na hamu ya kujua leo nani ataitwa ubaoni. Anayekipenda kichekesho cha shule ameshaipenda shule, hata kama anasema anaichukia.

Watoto wa Ituri wamekua wakisikia habari za wanafunzi waliokimbia risasi katikati ya somo na za njia za shule zisizopitika. Habari hizo ni za kweli na lazima zisemwe. Lakini wana haki pia ya hadithi ya mwanafunzi aliyechelewa shuleni kwa sababu tu alilala sana.