Setilaiti Haioni Mtaro

Kila zinapotangazwa habari za kifaa kipya cha kuwaongoza watu wasioona, sifa zote huiendea setilaiti. Wasomaji huelezwa kwamba chombo kilichoko mbali angani sasa kitamshika mkono mtu asiyeona na kumvusha barabara. Maelezo ya namna hiyo yanapendeza masikioni lakini yanapotosha, na upotofu wake si mdogo: mwanafunzi atakayeyaamini ataanza kuunda kifaa pale pasipo na shida, na shida yenyewe ataiacha ilipo. Setilaiti imekwisha kufanya sehemu yake. Sehemu iliyobaki iko chini, baina ya ukingo wa barabara na mlango wa duka.

Yafaa kwanza ifahamike setilaiti hufanya nini. Mfumo wa GPS, ambao ni mali ya Marekani na ulitangazwa kukamilika mwaka 1995, huhitaji setilaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilometa 20,200 hivi. Kila moja imebeba saa ya atomi, na kazi yake ni kutangaza kwa mawimbi ya redio mambo mawili: mahali ilipo, na wakati ilipolipeleka tangazo hilo. Kipokezi kilicho mkononi mwa mtu hupima muda ambao tangazo limetumia njiani, kisha huuzidisha kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde, kikapata umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya kipokezi ni ya bei rahisi na haiaminiki. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hupotosha umbali kwa mita 300. Kwa hiyo setilaiti haimwoni mtu hata kidogo, wala haijui kama yupo. Hali yake ni ile ya mnara wa taa wa pwani, ambao humulika kwa kila chombo bila kumjua nahodha anayeutazama.

Hadi mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi matangazo yaliyoachiwa raia, hata kosa likaweza kufikia mita 100. Desturi hiyo ilikomeshwa Mei mwaka huo. Leo simu ya kawaida, ikiwa chini ya anga iliyo wazi, hujua mahali ilipo kwa kosa la mita 5 hivi. Kwa dereva mita 5 si kitu, maana anaiona barabara kwa macho yake. Kwa mtu asiyeona anayetembea kwa miguu, mita 5 ni upana wa njia nzima: kifaa hakiwezi kumhakikishia kama amesimama ukingoni au katikati ya magari. Na hizo mita 5 ni za uwanja wa mpira. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kuta ndefu huacha ukanda mwembamba tu wa anga, kipokezi hupata setilaiti chache, na baadhi ya mawimbi hukifikia baada ya kudunda ukutani, yakiwa yamekwenda njia ndefu kuliko ile iliyonyooka. Kipokezi hakijui kwamba yamedunda. Huhesabu tu, na jibu huweza kumweka mtu katika kichochoro cha jirani.

Mambo haya hayakufichika kwa watu walioianza kazi hii. Mwaka 1985 Jack Loomis, mtaalamu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, alitoa wazo la kutumia setilaiti hizo kumwongoza mtu asiyeona, na akaifanya kazi hiyo pamoja na Roberta Klatzky na Reginald Golledge. Golledge alikuwa mwanajiografia aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi binadamu wanavyozichora ramani vichwani mwao. Mwaka 1984 yeye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona. Hivyo mjuzi wa ramani na mtumiaji wa kifaa wakawa mtu mmoja. Ni vigumu kumfikiria fundi aliyefaa zaidi kuliko huyo, na hapa ndipo penye somo kubwa kuliko vyombo vyote walivyoviunganisha.

Kifaa chao cha kwanza, kilichofanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilikuwa mzigo wa kubebwa mgongoni: kompyuta, kipokezi, antena, dira na spika za masikioni. Dira haikuwa pambo. Kipokezi cha GPS humwambia mtu mahali alipo, lakini akisimama tuli hakiwezi kumwambia ameelekea wapi. Anayeona hugeuza shingo akatambua. Asiyeona aliyesimama kwenye njia panda anahitaji jambo hilo kabla ya jingine lolote.

Lililokuwa jipya zaidi ni jinsi kifaa kilivyosema. Badala ya kuamrisha tu, ‘geuka kushoto’, kiliweza kufanya jina la jengo lisikike kana kwamba linatoka kwenye jengo lenyewe. Siri ya jambo hilo inaweza kuelezwa darasani. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, na kichwa cha binadamu kina upana unaokaribia sentimeta 20. Basi sauti inayotoka kulia huchelewa kulifikia sikio la kushoto kwa sehemu sita hivi za elfu kumi za sekunde. Ubongo hutambua ucheleweshaji mdogo kiasi hicho na kuutafsiri kuwa upande. Kompyuta ikiigiza ucheleweshaji huo katika spika mbili, msikilizaji husikia duka likimwita kutoka upande wake wa kulia. Mwaka 1998 watafiti hao walichapisha majaribio yaliyolinganisha njia hii na maelekezo ya maneno, na sauti yenye upande ndiyo iliyowafikisha watembeaji vizuri zaidi, tena ndiyo waliyoipenda zaidi.

Hata hivyo palikuwa na kikwazo ambacho mtu anayeona angeweza kukisahau kabisa. Mtu asiyeona huijua barabara kwa masikio: mngurumo wa gari, mwangwi wa ukuta, kelele za watu mbele ya kituo cha basi. Kumziba masikio kwa spika ili kumwongoza ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang’anya kwa mwingine. Siku hizi zipo spika zinazopitisha mtikisiko katika mfupa wa shavu na kuliacha sikio wazi, nazo zastahili kufikiriwa na kila anayetaka kuunda kifaa cha aina hii.

Kadhalika na apuuzwe yeyote anayedai kwamba fimbo nyeupe imepitwa na wakati. Fimbo hugusa hatua moja au mbili zijazo. Setilaiti hueleza mitaa mitatu ijayo. Fimbo hugundua shimo lililochimbwa asubuhi ya leo, nayo haiishiwi betri. Kifaa kisichoiachia fimbo mkono mmoja ulio huru kimeundwa na mtu ambaye hajawahi kutembea nayo.

Baada ya kipokezi, sauti na fimbo hubaki ramani, na hapo ndipo penye upungufu mkubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki. Namba za mahali hazina maana mpaka kitu fulani kiandikwe mahali hapo. Ramani ya madereva huonyesha barabara. Haionyeshi mtaro usiofunikwa, ngazi tatu za baraza, wala nguzo iliyosimama katikati ya njia ya miguu. Tena watu wa miji hii hawaelekezani kwa namba za nyumba. Huambiana: ukifika kwenye mwembe, kata kulia mpaka mashine ya kusaga. Kwa asiyeona, ngurumo ya mashine hiyo, harufu ya wauza samaki na mahali lami inapokwisha mchanga ukaanza ni alama zilizo bora kuliko bango lolote. Kifaa kitakachotaja mwembe na mashine, kwa Kiswahili kinachotamkwa sawasawa, kitafaa kuliko kile kinachotaja jina la mtaa ambalo wakazi wenyewe hawalitumii.

Wapo watakaosema kazi hiyo iachiwe makampuni makubwa. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa programu iitwayo Soundscape, iliyofuata fikra ileile ya kuzipa alama za mtaa sauti yenye upande. Mwaka 2023 kampuni iliisitisha. Kwa bahati iliachia maandiko ya programu yatumiwe na wote, na wengine wakaiendeleza. Lakini aliyeizoea katika safari zake za kila siku hakuwa na kauli katika uamuzi huo. Programu hiyo ilichota habari zake kutoka OpenStreetMap, ramani ya hiari iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea. Katika ramani hiyohiyo ndimo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walimoanza kuchora mitaa yao mwaka 2015 katika mradi wa Ramani Huria, ili kujihadhari na mafuriko. Walichora hata mitaro. Mstari uliochorwa kuonyesha maji yatapita wapi unaweza pia kusomwa kwa sauti kama onyo kwa mtembeaji: mtaro uko karibu, tumia fimbo. Onyo hilo halihitaji usahihi wa sentimeta, kwa sababu sentimeta ni kazi ya fimbo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya shule inayotaka kuingia katika uwanja huu si kununua vyombo. Palipo na mwanafunzi asiyeona, pana mwalimu wa somo hili tayari. Yeye na atangulie kutoka lango la shule hadi kituo cha basi, na wenzake wamfuate wakiwa na daftari na simu moja, wakiandika kila anachokitaja na hasa kile ambacho wao hawakukitambua. Wapime kila alama mara tano, kwa siku mbalimbali, wachore nukta zote tano na kuona zimetawanyika kiasi gani. Hapo kosa la GPS litaacha kuwa maneno ya kitabuni. Na tarehe iandikwe kando ya kila alama, maana kibanda cha leo huenda kesho kikahamishwa, na mtaro uliofunikwa kwa ubao mwezi huu huenda mwezi ujao ukawa wazi.