Betri Iliyohukumiwa Bure

Juma hili tutazame mambo ya garaji. Mwaka jana, hapa Bukavu, motokari yangu ilikataa kuwaka asubuhi. Fundi aliitazama kidogo tu, akasema: «Mwalimu, betri imekufa, lete fedha.» Nusura nimpe karo ya watoto, nami ndimi nifundishaye hesabu! Mzee mmoja, shofere wa kamyo, akanisihi ningoje. Akalegeza vifungo vya nyaya juu ya betri, vilivyoota unga mweupe, akavisugua kwa brashi ya chuma, akavikaza tena. Motokari ikawaka papo hapo.

Basi, kabla ya kulipa, ombeni kipimo cha umeme. Betri nzima iliyojaa, motokari ikiwa imelala usiku kucha, huonyesha volti 12,6 hivi. Injini ikinguruma, karibu 14. Kipimo kisipopanda, ulizeni kwanza habari za dinamo na mkanda wake. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini hata mwaminifu huweza kubahatisha. Patanani naye bei kabla hajafungua kitu, na kila kifaa cha zamani awarudishie mkononi. Betri yangu ile ingali inafanya kazi.