Hoteli za Mutwanga: umeme upo, fundi yuko wapi?

Kwa miaka mingi, mwenye hoteli katika eneo la Beni alikuwa na jibu moja kwa mgeni anayelalamika kwamba taa haiwaki na maji hayapandi: mazutu imekwisha. Huko Mutwanga, jibu hilo limepoteza nguvu tangu 2013, kituo kidogo cha umeme wa maji cha Hifadhi ya Virunga kilipoanza kazi chini ya mlima Rwenzori. Umeme huo ulileta kiwanda cha sabuni, kisha cha chokoleti. Chumba kikikosa taa leo, mara nyingi ubovu uko ndani ya ukuta: waya mwembamba uliowekwa kwa balbu mbili sasa unabeba friji, televisheni na pasi. Waya wa namna hiyo huchemka, na moto hauulizi nani amelala.

Hoteli zetu husifiwa kwa rangi mpya, vigae na jina kubwa juu ya lango. Siku ya ufunguzi, hoteli gani haing'ai? Kipimo kinakuja mwaka wa tatu. Tangu mfanyakazi wa usafi aseme kwamba bomba linavuja, fundi amefika baada ya siku ngapi? Ubovu uleule umerudi mara ngapi? Katika hoteli nyingi ndogo hakuna daftari la kujibu maswali hayo. Habari hupita kwa mdomo hadi kwa meneja, kisha kwa bosi anayekaa Butembo, na bomba linaendelea kuvuja.

Mlima nao hauna huruma. Mvua ya Rwenzori hulisha mabati kwa kutu na dari kwa ukungu. Kupaka rangi juu ya doa la maji bila kupanda kwenye paa ni kumficha mgeni ugonjwa wa nyumba.

Wenye hoteli wana sababu yao, na ni nzito. Mutwanga ilikuwa mlango wa wapandaji kuelekea kilele cha Margherita, mita 5.109, lakini mashambulizi ya ADF katika sekta ya Rwenzori yamefukuza watalii. Nani atatengeneza chumba kisicholala mtu? Ila chumba kitupu huoza haraka zaidi: panya hula waya, maji hulala ndani ya bomba, na hakuna anayefungua dirisha.

Beni na Butembo zimeonyesha kwamba hata wingi wa wageni hautoshi. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, vyumba vilijaa watumishi wa mashirika kwa miezi mingi. Mwenye hoteli aliyeweka kando sehemu ya pesa hizo kwa ajili ya paa na pampu alibaki na nyumba. Aliyezila zote alibaki na madoa. Goma ilipoanguka Januari 2025 na utawala wa jimbo kuhamia Beni, wageni walirudi, na mtihani ukawa uleule.

Mfuko wa Kuendeleza Utalii, FPT, hukusanya sehemu ya kile mgeni anacholipa hotelini. Mkusanyaji anapofika mapokezi, huomba kuona daftari la wageni. Wakala wa serikali anaweza pia kuomba daftari la matengenezo, kisha apande juu kuangalia tangi la maji na afungue kisanduku cha fyuzi. Kazi hiyo haichukui hata saa moja.