Tulipokunja Kanga

Jioni moja hapa Mkula binti yangu aliniuliza mstatili una mistari mingapi ya ulinganifu. Nikajibu haraka, "Minne, kama mraba." Akabisha kuwa ni miwili. Nikamkemea. Akaandika nilivyosema, akakosa.

Nilipoona daftari, tulitandika kanga mkekani. Tukaikunja kwa urefu: pindo likalala juu ya pindo. Kwa upana, vivyo hivyo. Lakini kona kwa kona, ncha zilibaki nje. Kumbe ni miwili tu! Kitambaa cha mraba ndicho kilichokubali mikunjo yote minne.

Kisha tukavizungusha. Kanga ilijaa mahali pake baada ya nusu mzunguko, yaani mara 2 katika mzunguko mmoja. Mraba kila robo, mara 4. (Tunatazama umbo tu, maana maneno ya kanga hugeuka juu chini!)

Nilimwomba binti msamaha. Waefeso 6:4 inawaonya akina baba, lakini nasi inatuhusu. Mtoto akikemewa naye amepata, kesho haulizi tena. Mama, mwezi huu kunja kanga pamoja na wanao.